Mloka au Tungamalenga? Kulala kando ya mto, nje ya lango la hifadhi

Kila ikifika Juni, ndugu na marafiki huanza kunipigia: likizo ya watoto imekaribia, wanataka kwenda kuona wanyama kusini, walale kando ya mto, na wasiishie kwenye hoteli inayochafua pori lile lile walilolifuata. Majina mawili hujirudia. Moja ni Mloka, kijiji cha Rufiji kilicho jirani na lango la Mtemere la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Jingine ni Tungamalenga, mkoani Iringa, kwenye njia ya kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Nimelala kote kuwili na familia yangu, na jibu langu siku zote huanza na swali: mto unautakia nini?

Mito hiyo ni ndugu. Ruaha Mkuu hutoka tambarare za Usangu, hukatiza hifadhi inayobeba jina lake, huingia bwawa la Mtera, kisha Kidatu, na mwisho humwaga maji yake Rufiji, pale ambapo sasa kuna Bwawa la Julius Nyerere. Rufiji nao huteremka kutoka bwawani, hupita hifadhini, na kutokea Mloka. Kwa hiyo unachagua kati ya ncha mbili za bonde moja. Ncha ya juu ina kiu, ncha ya chini ina maji tele, na karibu kila tofauti utakayoikuta kambini inatokana na hilo.

Kote kuwili nazungumzia kambi na loji zilizo nje ya mpaka wa hifadhi. Ukilala ndani, pamoja na kiingilio unalipia tozo ya kulala hifadhini, na kambi nyingi za ndani hupanga bei kwa dola, zikiwa na mgeni wa kutoka ng'ambo akilini. Ukilala nje, unalipa kiingilio kwa siku unazoingia tu. Siku nyingine unakaa barazani unautazama mto, na wanyama wanakufuata wenyewe. Tembo hajui mpaka wa hifadhi uko wapi.

Mto wenyewe

Rufiji pale Mloka ni mpana, wa rangi ya udongo, wenye visiwa vya mchanga ambavyo mamba huvilalia asubuhi kama magogo. Kingoni kuna mivumo na mikoche, na kwenye kuta za udongo kerem, ndege wala nyuki, wametoboa vishimo vyao mamia kwa mamia. Furukombe huanza kuita kabla jua halijatoka. Maji hayakauki, kwa sababu Rufiji unalishwa hasa na Kilombero, unaochangia zaidi ya nusu ya maji yake yote. Hata Ruaha ukikatika huko juu, Rufiji unaendelea.

Raha kubwa ya Mloka ni boti. Sijui namna nyingine ya kuona pori inayomtuliza mtu kama ile: nahodha anazima mashine, boti linateleza na mkondo, na viboko wanakutazama kwa macho yaliyo usawa wa maji. Mwanangu mdogo, ambaye ndani ya gari huuliza kila dakika tano tunafika lini, alikaa saa mbili bila kusema neno. Ndani ya Nyerere kuna maziwa yaliyoachwa na mto ulipobadili njia zake za zamani: Tagalala, Manze, Nzerakera, Siwandu, na mengineyo. Wakati wa kiangazi wanyama hushuka huko kunywa, na simba wanalijua hilo. Twiga utawaona kwa wingi upande wa kaskazini wa mto. Ng'ambo ya kusini hawapo, mto umewazuia. Mbwa mwitu, wale wenye mabaka na masikio ya mviringo, hifadhi hii ni moja ya ngome zao kubwa zilizobaki Afrika.

Tungamalenga ni habari nyingine kabisa. Kijito kinachopita kando ya kambi ni chembamba, na ukienda Oktoba unaweza kukuta ni mchanga mtupu wenye vidimbwi. Ruaha Mkuu wenyewe, mto uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, umekuwa ukikatika kila kiangazi tangu 1993. Chanzo kinajulikana: maji ya Usangu yalichepushwa kwenda kwenye mashamba ya mpunga, mifereji ikawa mingi, na mifugo ikajaa kwenye ardhi oevu. Mwaka 2008 Pori la Akiba la Usangu liliingizwa kwenye hifadhi ili kuunusuru mto, na Ruaha ikafikia kilomita za mraba 20,226. Ikawa hifadhi kubwa kuliko zote nchini mpaka Nyerere ilipotangazwa mwaka 2019 ikiwa na zaidi ya 30,000.

Mtu akisikia mto umekauka hudhani safari imeharibika. Kwa mgeni wa siku tatu ni kinyume chake. Maji yakibaki kwenye madimbwi machache, kila mwenye kiu wa pori lile atapita mbele yako. Kwenye mito ya mchanga kama Mwagusi tembo huchimba kwa mguu na mkonga mpaka maji yanatokeza, wananywa, kisha nyani na swala hungoja zamu yao kwenye kisima hicho hicho. Nililiona jambo hilo mara moja, mama tembo akimsogeza mwanawe kwenye shimo alilolichimba yeye, na sijalisahau. Ruaha pia ina tandala mkubwa na tandala mdogo, palahala, simba wengi mno, na mibuyu ambayo tembo wameichuna magome mpaka viunoni. Lakini usiende ukitegemea boti.

"Rafiki wa mazingira" ni mtihani gani?

Hapa ndipo ningependa msomaji atulie, kwa sababu maneno hayo yameandikwa kwenye kila tangazo, na hayana maana moja kwenye mito miwili tofauti.

Rufiji una maji mengi, kwa hiyo kambi kujisifu kuwa inabana maji si jambo kubwa. Swali la Mloka ni nini kinarudi mtoni. Maji ya jikoni, bafuni na chooni yanakwenda wapi? Ardhi ya ukingoni ni mchanga na tope la mafuriko. Shimo la maji taka likichimbwa karibu na mto, siku mto ukijaa vyote vinakuwa kitu kimoja. Na mto hujaa. Aprili 2024 mafuriko yalifunika mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti, na watu walihamishwa. Kambi inayoujali mto imejenga mashimo yake mbali na ukingo, mahali pa mwinuko, na itakuonyesha bila kusitasita.

Swali la pili la Mloka ni miti. Barabara ya kutoka Kibiti utaona magunia ya mkaa yamepangwa kando ya njia yakingoja lori la Dar es Salaam. Mninga na mkongo wa Rufiji vimekatwa vya kutosha. Kambi ikikupikia kwa mkaa huo na kukujengea kitanda cha mninga mbichi, sola moja juu ya paa haiiokoi. Uliza jikoni wanatumia gesi au nini. Paa za makuti si tatizo, maana majani hukatwa na mti ukabaki hai. Boriti za mikoko kutoka delta zina sheria zake, na mwenye kibali hukuonyesha kwa fahari.

La tatu ni boti lenyewe. Nahodha anayekimbiza mashine karibu na kingo ili upate picha nzuri anapeleka mawimbi kwenye vishimo vya kerem na kuwakurupusha viboko wenye watoto. Nahodha tuliyekwenda naye safari ya mwisho alikuwa mzee wa pale pale. Mume wangu alimwomba asogee zaidi. Akajibu kwa upole, "Hapa panatosha, baba. Yule ana mtoto." Kwangu mimi uhifadhi wa kambi ile ulikuwa kwenye sentensi hiyo kuliko kwenye tangazo lao lote.

Tungamalenga mtihani unageuka. Huko kitu adimu ni maji, na kila ndoo unayooga ilitoka mahali ambapo kuna mwingine mwenye kiu. Bafu la ndoo, ile ya kutundikwa yenye maji ya moto yanayoletwa jioni, wageni wengi wa mjini huliona kama umaskini. Mimi naliona kama adabu. Lita ishirini zinatosha mtu kutakata. Kambi yenye bwawa la kuogelea kwenye bonde ambalo mto wake unakauka, hata ikiwa na sola na mabango ya kijani, ina swali la kujibu. Uliza maji yanatoka wapi: kisima kirefu, kijitoni, au bomba la kijiji? Kama ni bomba la kijiji, uliza pia kama Oktoba kijiji chenyewe kinapata. Mashuka kubadilishwa kila siku hakuna sababu.

Kuni nazo Tungamalenga zina uzito wake. Usiku wa Juni na Julai kuna baridi, moto wa kambi ni mtamu, na wageni hupenda uwe mkubwa. Moto mdogo wa matawi yaliyoanguka unatosha kukusanya watu na hadithi.

Kuna jambo moja linalolingana kote kuwili, nalo ni taka. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, lakini chupa za maji zipo, na porini hakuna gari la taka. Kambi moja niliyolala, sitaitaja, ilikuwa na mapazia ya kitenge, vikombe vya udongo, na maandishi ukutani kuhusu kuitunza dunia. Asubuhi nilipotoka kumtafuta mtoto nikakuta nyuma ya jiko shimo la chupa na makopo likiwaka taratibu, moshi mweusi, na tumbili wakichakura kando yake. Niliumia sana. Mpishi aliniambia kwa unyonge kuwa ameshaomba mara nyingi taka zipelekwe mjini. Tangu siku hiyo, kabla sijalipa, napiga simu na kuuliza: chupa zenu zinakwenda wapi? Mwenye mpango hujibu papo hapo: tuna maji ya kuchuja kwenye dumu, mgeni anajaza chupa yake; vioo na makopo vinarudi na gari la mahitaji. Asiye na mpango hukupeleka kwenye picha za machweo.

Majirani

Vijiji hivi vyote vina jumuiya za wanyamapori, na majina yao ni ya Kiswahili kabisa. Upande wa Rufiji ni JUHIWANGUMWA, yaani Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori Ngorongo, Utete na Mwaseni. Upande wa Ruaha ni MBOMIPA, Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga. Fikra yake ni kwamba mwanakijiji anayelala na tembo nyuma ya nyumba apate sehemu ya pesa inayoletwa na tembo huyo.

Usidhani ujirani huo ni rahisi. Rufiji mpunga na mahindi vikikaribia kuiva, watu hulala shambani kwenye madungu, vibanda vya juu ya nguzo, wakilinda mazao dhidi ya nguruwe pori, viboko na tembo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 simba waliua watu kadhaa katika wilaya hiyo, na wazee bado wanakumbuka majina ya waliokufa. Kwa hiyo askari wa kambi akikwambia usitoke kwenye hema peke yako usiku, msikilize, na watoto wasikilize zaidi. Kiboko naye hupanda kula majani gizani, na ukisimama kati yake na maji hatauliza wewe ni nani.

Ruaha ugomvi mkubwa ni wa simba na ng'ombe. Wahehe ni wenyeji, na kuna Wamaasai na Wabarabaig wenye mifugo mingi. Mradi wa Ruaha wa wanyama wala nyama ulioanza mwaka 2009, ambao sasa ni sehemu ya Lion Landscapes, umejenga mazizi imara ya waya, na umebuni jambo ninalolipenda: vijiji hufunga kamera za kujipiga zenyewe kwenye ardhi yao, kila mnyama anayenaswa ana pointi zake, na pointi zinageuka kuwa huduma za shule, zahanati na mifugo. Simba aliye hai anaanza kuwa na faida kwa mtu mwenye zizi.

Kambi nzuri utaijua kwa namna inavyokaa na watu hawa. Samaki wa mezani Mloka, kambale au perege, alinunuliwa kwa mvuvi wa kijijini au alitoka sokoni Dar? Mchele wa Tungamalenga ni wa Pawaga, tarafa jirani, kwa nini uletwe mwingine? Na waongozaji: ni vijana wa pale, au kijana wa pale ameishia kubeba mizigo? Ulizeni. Wafanyakazi hawakasiriki, kwa uzoefu wangu hufurahi kwamba mgeni amejali.

Njia, pesa na majira

Mloka iko karibu zaidi na Dar es Salaam. Unapita Mbagala, Mkuranga hadi Kibiti kwa lami, kisha unaacha lami kuelekea Mkongo na Mloka, kama kilomita mia moja za barabara ya vumbi. Kiangazi inapitika vizuri. Mvua ikinyesha udongo mweusi unakamata gari kama gundi. Ukitoka alfajiri, mchana unakula kambini. Ndege ndogo pia hutua Mtemere.

Tungamalenga ni safari ya kweli. Dar hadi Iringa ni kama kilomita 500, ukalale mjini, kesho yake uteremke kuelekea hifadhini. Lakini njia hiyo nayo ni sehemu ya starehe. Barabara kuu inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50, na watoto wanahesabu pundamilia na twiga kwa nauli ya basi tu. Kisha unafika Ruaha Mbuyuni, mto ule ule uko kando ya barabara, mibuyu imejaa milimani, na baada ya hapo mnaanza kuupanda Kitonga kona kwa kona. Kutoka kambini hadi langoni ni zaidi ya nusu saa, tofauti na Mloka ambako ni dakika chache. Ukitaka kuwa porini jua linapochomoza, hilo lina uzito.

Malangoni hawapokei fedha taslimu. Unalipa kwa kadi, au kwa benki na simu kwa namba ya malipo unayopewa. Fanya hivyo mjini, mtandao ukiwa na nguvu. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiwango chao kwa shilingi, kwa hiyo usisahau kitambulisho, maana bila hicho utahesabiwa mgeni. Gharama kubwa kwenye safari hii ni gari. Kote kuwili unahitaji la kuvuta magurudumu manne, na mkigawana familia mbili nusu ya mzigo imepungua. Mloka kuna gharama ya ziada ya boti, na kama mfuko ni mdogo, punguza siku moja ya gari, usipunguze boti.

Malaria ipo sehemu zote mbili, chandarua kisiwe na tundu. Ndorobo wanauma kweli kweli, hasa kwenye miombo. Vaa nguo za rangi ya udongo, acha bluu na nyeusi nyumbani.

Aprili na Mei kambi nyingi hufungwa kwa masika. Juni hadi Oktoba ndiyo miezi ya wanyama. Ndani ya miezi hiyo mito inaachana: Rufiji ni mzuri tangu Juni mpaka mwisho, wakati Ruaha kila wiki ya ukame inavyopita ndivyo inavyozidi kuwa tajiri, na Septemba na Oktoba hazina mfano, mradi uwe umejiandaa kwa joto na vumbi. Novemba hadi Machi ni ya wapenda ndege, Ruaha hasa, yenye aina zaidi ya 570.

Kwa hiyo, ukiwa na watoto wadogo, au mzazi ambaye mgongo haupendi gari, au una siku tatu tu kutoka Dar, nenda Mloka na uutumie mto kutwa nzima. Wenye juma zima, wanaovumilia vumbi, na wanaotaka kuona pori linavyoishi maji yanapokuwa haba, waende Tungamalenga kiangazi kinapoishia. Wenye fungate huniuliza pia. Hao nawaambia Rufiji, Julai, chumba cha mwisho kabisa kutoka jikoni, kwa sababu viboko huimba usiku kucha na si kila mtu anapenda, lakini wawili waliooana juzi hawalali mapema.

Sisi mwaka huu tumekubaliana Tungamalenga, wiki ya mwisho ya Septemba. Mama mkwe wangu, ambaye alikulia Usangu na anaukumbuka Ruaha ukiwa na maji Oktoba, amesema anataka kumwona kwa macho yake huyo tembo anayechimba kisima. Nimeshapiga simu kambini. Nimeuliza kuhusu chupa, nimeuliza kuhusu maji, na dada aliyepokea alinijibu yote mawili kabla sijamaliza kuuliza.